Eksirei Zinazotoka kwa Viini Vinavyooza: Mwongozo Kamili wa Kuzitafuta, Kuzikokotoa na Kuzitambua

Swali hili huja karibu kila muhula, na hukosewa mahali pale pale. Mwanafunzi wa fizikia Maseno, mwalimu wa Kidato cha Nne Kakamega, fundi wa maabara Njoro: waulize sesiamu-137 hutoa eksirei za nishati gani, na wengi wao wataanza kuhesabu kwa sesiamu. Jibu limeshaharibika kabla kikokotoo hakijawashwa. Wengine hujibu kwamba hakuna eksirei kabisa, maana eksirei hutoka kwenye neli yenye kathodi na anodi, na hapa hakuna neli.

Siwalaumu sana. Vitabuni eksirei zina sura yao na unururifu una yake, na sura hizo mbili hazisalimiani. Hapa tutazikutanisha. Ukimaliza hatua zote, utapewa isotopu usiyowahi kuiona na utaweza kusema kama inatoa eksirei, ni za elementi gani, zina nishati kiasi gani, ni nyingi au chache, na utazitafuta wapi kwenye spektra, yaani mchoro unaoonyesha miale mingapi imepimwa kwa kila nishati.

## Vitu vya kuwa navyo

- Jedwali la elementi lenye namba atomia. La ukutani linatosha.
- Jedwali la nishati za kifungo za elektroni, angalau ganda K (la ndani kabisa) na ganda L (linalofuata). Vitabu vingi vya fizikia ya atomu vinalo nyuma.
- Data za kuoza kwa viini. Tumia LiveChart ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) au NuDat ya maabara ya Brookhaven, Marekani. Zote ni bure. Chapisha au uhifadhi kurasa unazohitaji ukiwa chuoni, usije ukakwama jioni bando likiisha.
- Kikokotoo, karatasi na kalamu ya risasi. Utachora, kwa hiyo usidharau karatasi.
- Ukiweza, spektra halisi iliyochapishwa kutoka maabara ya chuo.

Huhitaji chanzo cha mionzi. Nchini Kenya vyanzo hivyo viko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, na huruhusiwi kununua, kuhifadhi wala kuhamisha chanzo kwa kuwa tu una hamu ya kujifunza. Usivunje kigunduzi cha moshi ukitafuta amerisiamu iliyomo. Ikiwa chuo chako kina chanzo, kazi yote ifanyike mbele ya afisa wa usalama wa mionzi. Hatua ya 1 hadi ya 7 ni za kalamu tu.

## Hatua ya 1: Amua mwale umezaliwa wapi

Gama huzaliwa ndani ya kiini. Eksirei huzaliwa nje ya kiini, kwa elektroni. Hiyo ndiyo tofauti, na haihusu ukubwa wa nishati.

Mchoro ule wa vitabuni unaopanga mawimbi ya redio upande mmoja na gama upande mwingine humfanya mtu aamini kwamba gama lazima ishinde eksirei kwa nguvu. Tazama mfano huu. Amerisiamu-241 hutoa gama ya keV 59.5 (keV ni kilo-elektroni-volti). Risasi, ile metali nzito ya kukinga mionzi, hutoa eksirei za keV 75. Eksirei imeizidi gama, na majina hayabadiliki.

Umefaulu hapa ikiwa unaweza kumweleza mwenzako kwa nini 59.5 ni gama na 75 ni eksirei bila kutaja ipi ni kubwa.

## Hatua ya 2: Tafuta pengo

Hii ndiyo hatua inayobeba zingine zote. Eksirei bainifu, yaani ile yenye nishati maalumu ya elementi fulani, hutoka pale tu elektroni ya ndani inapokosekana na ya nje kushuka kujaza nafasi. Ni kama matatu ya Kondele abiria wa kiti cha mbele anaposhuka: wa nyuma anasogea mbele, naye anaacha nafasi, mwingine anaijaza, hadi pengo linafika mlangoni. Kila elektroni inaposogea kuelekea kiini, nishati iliyobaki lazima iende mahali.

Basi usiulize "isotopu hii inatoa eksirei?" Uliza: nani ametoboa pengo, na katika atomu ipi?

Kiini kinanasa elektroni. Kiini chenye protoni nyingi kupita kiasi humeza elektroni moja ya ganda la ndani, mara nyingi K. Protoni inageuka nyutroni, neutrino inatoroka na karibu nishati yote, na ganda K linabaki na nafasi tupu. Chuma-55 ni mfano safi kabisa. Hakina alfa, hakina beta, hakina gama ya kutajika, na neutrino haishikiki na kigunduzi chochote cha maabara yako. Kwa hiyo eksirei, pamoja na elektroni dhaifu nitakazozitaja baadaye, ndiyo dalili pekee kwamba kiini kimeoza. Anayesema chuma-55 "hakitoi kitu" amesahau pengo.

Kanuni ya haraka: ikiwa tofauti ya masi kati ya atomu mzazi na atomu mtoto haifiki MeV 1.022 (MeV 1 ni keV 1,000), kiini hakiwezi kutoa pozitroni, kitanasa elektroni tu. Ikizidi hapo, njia zote mbili zimefunguka na lazima uangalie asilimia. Florini-18 inayotumiwa katika picha za PET, kwa mfano, hunasa elektroni mara kama 3 tu katika kila 100.

Mgeuzo wa ndani. Baada ya kutoa beta au alfa, kiini mara nyingi hubaki kimesisimka. Kinaweza kutoa gama. Kinaweza pia kuikabidhi nishati ile moja kwa moja elektroni ya ndani, ikarushwa nje ya atomu. Pengo hilo.

Hapa pana kosa moja linalopendwa sana: watu huandika kwamba gama ilitoka, ikagonga elektroni njiani, ikaing'oa. Sivyo. Gama haikuzaliwa kabisa. Kiini na elektroni vilimalizana vyenyewe. Ukiandika ile hadithi ya kugongana kwenye mtihani, mtahini makini atakukata alama, na hana makosa.

Mionzi kupiga atomu jirani. Gama ya chanzo ikiingia kwenye risasi iliyokizunguka, inang'oa elektroni za risasi, na risasi inawaka eksirei zake yenyewe. Kiini kilichooza hakiko hata karibu na atomu hiyo. Hii ndiyo njia inayochanganya watu wanaosoma spektra. Tutarudi kwayo katika hatua ya 8.

Beta inayotoka kwenye kiini nayo inaweza kuitikisa elektroni ya ndani ikang'oka. Ni nadra mno. Kwa hesabu za mwongozo huu ipuuze.

Chora duara la kiini, zungushia ganda K na L, kisha weka alama ya pengo. Ukishindwa kuonyesha pengo kwenye mchoro, usiendelee na hatua ya 3. Huenda isotopu yako haina eksirei bainifu kabisa.

## Hatua ya 3: Andika jina la atomu yenye pengo

Hapa ndipo wengi huanguka, ingawa ni hatua fupi.

Pengo linapojazwa, kiini kimeshabadilika. Elektroni zinazosogea zinaona chaji ya kiini mtoto. Kwa hiyo eksirei ni za mtoto, hata kama chupa imeandikwa jina la mzazi.

- Kunasa elektroni: namba atomia inashuka kwa 1.
- Beta hasi kisha mgeuzo wa ndani: namba inapanda kwa 1.
- Alfa kisha mgeuzo wa ndani: namba inashuka kwa 2.
- Kiini kilichosisimka kinatulia tu, kama teknesiamu-99m (herufi m huonyesha kiini kilichosisimka): namba haibadiliki.

Sasa rudi kwa sesiamu-137. Sesiamu ni 55. Inatoa beta, na mara nyingi inaishia kwenye bariamu-137m, namba 56, ambayo nusu-uhai wake ni dakika 2.55. Ni bariamu hiyo iliyosisimka inayotoa gama maarufu ya keV 661.7, na ni ndani ya bariamu hiyo mgeuzo wa ndani hutokea. Eksirei ni za bariamu, karibu na keV 32. Za sesiamu zingekuwa karibu na 31. Tofauti ni ndogo kwa kigunduzi cha kawaida, lakini kwenye karatasi ya mtihani ni tofauti ya kupata na kukosa.

Mfano mwingine ni wa hospitalini. Taliamu-201 hutumiwa kuchunguza damu inavyofika kwenye misuli ya moyo. Taliamu, namba 81, hunasa elektroni na kuwa zebaki, namba 80. Gama yake ya keV 167 hutoka mara kama 10 tu kwa kila viini 100, ilhali eksirei za zebaki, kati ya keV 69 na 82, hutoka kwa wingi mara nyingi zaidi. Picha inayoitwa ya taliamu, kwa sehemu kubwa, imechorwa na eksirei za zebaki. Mgonjwa asiogope jina hilo: kiasi cha zebaki ni atomu kidogo mno kumdhuru.

Umefaulu ikiwa umeandika elementi ya mtoto na namba yake atomia kabla ya kugusa kikokotoo.

## Hatua ya 4: Kagua kama nishati inatosha kutoboa ganda K

Mgeuzo wa ndani una sharti: nishati ambayo ingetoka kama gama lazima izidi nishati ya kifungo ya elektroni inayong'olewa. Isipozidi, ganda hilo haliguswi.

Chukua amerisiamu-241. Inatoa alfa na kuwa neptuniamu-237, namba 93, ikiwa imesisimka. Nishati ya kukabidhi ni keV 59.5. Elektroni ya K ya neptuniamu imefungwa kwa keV 118.7. Haitoki. Kwa ganda L, ambako kifungo ni kati ya keV 17 na 23 hivi, inatoka bila shida. Matokeo yake ni eksirei za L za neptuniamu, kundi la vilele kati ya keV 12 na 22, hasa karibu na 13.9, 17.8 na 20.8.

Anayeruka hatua hii hukokotoa eksirei ya K ya neptuniamu, anapata namba ya karibu keV 100, kisha anashangaa kwa nini spektra haina kilele hapo.

Fanya ukaguzi huo huo kwa bariamu: 661.7 dhidi ya 37.4. Inatosha sana. Elektroni ya K inatoka na keV 624, ambayo ni 661.7 kutoa 37.4, na ukiiona namba hiyo kwenye data ya sesiamu-137 utajua imetoka wapi.

## Hatua ya 5: Kokotoa nishati ya eksirei

Kwa eksirei ya K-alfa, ile inayotokea elektroni ya L inaposhuka hadi K, tumia kanuni ya Moseley:

Toa 1 kwenye namba atomia ya mtoto. Zidisha jibu kwa lenyewe. Zidisha kwa 10.2. Umepata elektroni-volti.

Hiyo 10.2 ni robo tatu ya 13.6, nishati ya kuing'oa elektroni ya haidrojeni. Tunatoa 1 kwa sababu elektroni moja iliyobaki ndani inaikinga chaji ya kiini.

Chuma-55 hugeuka manganisi, namba 25. Kutoa 1 ni 24. 24 mara 24 ni 576. Mara 10.2 ni 5,875, yaani keV 5.88. Thamani iliyopimwa ni 5.90. Safi.

Bariamu: 55 mara 55 ni 3,025, mara 10.2 ni keV 30.9. Iliyopimwa ni 32.2. Tumekosea kidogo, kwa chini.

Zebaki: 79 mara 79 ni 6,241, mara 10.2 ni keV 63.7. Iliyopimwa ni 70.8. Sasa tumekosea kwa asilimia 10.

Unaona mwelekeo. Kanuni inapunguza, na inapunguza zaidi elementi inavyokuwa nzito, kwa kuwa elektroni za ndani huko hukimbia kasi sana na hesabu rahisi haizingatii uhusianifu. Ushauri wangu: hadi namba 50 iamini, kutoka 50 kwenda juu itumie kukagua kama hukuchukua elementi ya jirani au kuweka sufuri ya ziada, kisha chukua thamani yenyewe kwenye jedwali. Kamwe usiripoti namba ya Moseley kwa risasi au thoriamu kana kwamba ni kipimo.

Jibu zuri huwa chini ya nishati ya kifungo ya ganda K ya elementi hiyo hiyo. Likiizidi, umekosea mahali, bila mjadala.

## Hatua ya 6: Hesabu ni ngapi zitatoka

Si kila pengo hutoa eksirei. Mara nyingine nishati ya elektroni inayoshuka hupewa elektroni nyingine ya atomu hiyo hiyo, ikarushwa nje. Hizi ndizo elektroni za Auger, zile dhaifu nilizozitaja. Katika elementi nyepesi Auger hushinda. Katika nzito eksirei hushinda.

Kwa mapengo ya K, sehemu inayogeuka eksirei ni kama 0.12 kwa agoni, 0.32 kwa manganisi, 0.88 kwa teluriamu, 0.90 kwa bariamu, na zaidi ya 0.95 kwa zebaki.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha tu: mapengo ya K kwa kila kuoza, mara sehemu hiyo. Katika chuma-55, viini 88 hivi kati ya 100 hunasa elektroni ya K. 0.88 mara 0.32 ni 0.28. Eksirei 28 kwa kila viini 100.

Sesiamu-137: karibu viini 94 kati ya 100 hufika kwenye bariamu iliyosisimka. Kati ya hizo, asilimia 8 hivi huishia kwa mgeuzo wa ndani wa ganda K. Hiyo ni mapengo kama 7.8, mara 0.90 ni 7. Eksirei 7 kwa kila viini 100, dhidi ya gama 85.

Iodini-125 ndiyo hupenda kuwatega watu. Inanasa elektroni na kuwa teluriamu, pengo la kwanza. Teluriamu hiyo imesisimka kwa keV 35.5, ambayo inazidi kidogo kifungo cha K cha 31.8, na karibu kila mara hutulia kwa mgeuzo wa ndani badala ya gama. Pengo la pili, katika atomu ile ile, baada ya lile la kwanza kujazwa. Mapengo ya K ni kama 0.8 mara ya kwanza na 0.8 mara ya pili, jumla 1.6. Mara 0.88 ni 1.4. Eksirei 140 kwa kila viini 100! Mwanafunzi akipata jibu linalozidi 100 hufuta na kuanza upya. Usifute. Kagua tu kama kweli kuna mapengo mawili.

Upande wa pili kuna ndizi. Potasiamu-40 iliyomo hunasa elektroni mara kama 11 kwa kila 100 na kuwa agoni, na agoni hutoa eksirei za keV 3. Ni chache, ni dhaifu, na huishia ndani ya ndizi yenyewe. Beriliamu-7 ni mbaya zaidi: mtoto wake ni lithiamu, na pengo la K la lithiamu lina elektroni-volti 50 na kitu tu. Kwa hiyo sentensi "kila kunasa elektroni hutoa eksirei" ni ya uongo. Ongeza "katika elementi zisizo nyepesi sana" na utakuwa salama.

## Hatua ya 7: Kama kuna beta, kagua mionzi ya breki

Kuna eksirei zisizohitaji pengo. Beta yenye kasi ikipita karibu na kiini cha atomu nyingine inapindishwa na kupunguzwa mwendo, na nishati inayopotea hutoka kama eksirei. Hii ni mionzi ya breki. Haina kilele. Ni mteremko mrefu kuanzia nishati ndogo hadi nishati ya juu kabisa ya beta.

Ndiyo fizikia ile ile ya neli ya eksirei ya hospitali, ila hapa elektroni zimesukumwa na kiini badala ya volti.

Sehemu ya nishati ya beta inayogeuka mionzi ya breki hukadiriwa hivi: 0.00035, mara namba atomia ya kizuizi, mara nishati ya juu ya beta kwa MeV.

Fosforasi-32 ina beta ya hadi MeV 1.71. Ikizuiwa na risasi, namba 82: 0.00035 × 82 × 1.71 ni 0.049, karibu asilimia 5. Ikizuiwa na plastiki ya perspeksi, ambayo unaweza kuikadiria kwa namba 6: 0.0036, chini ya nusu ya asilimia moja.

Onyo. Kwa sababu hiyo, chanzo cha beta kali hakifungwi kwenye risasi moja kwa moja. Plastiki ya sentimita 1 hivi inakaa ndani, inameza beta za fosforasi-32 zote bila kuzalisha eksirei nyingi. Risasi, ikihitajika, inakaa nje kumeza zile chache zilizozaliwa. Anayepanga kinyume, kwa imani kwamba risasi ni kinga ya kila kitu, anajitengenezea chanzo cha eksirei.

## Hatua ya 8: Zitambue kwenye spektra

Weka mbele yako spektra ya sesiamu-137 iliyopimwa kwa kigunduzi cha iodidi ya sodiamu, kile ambacho maabara nyingi za chuo hutumia. Anzia kulia kwenda kushoto:

1. Kilele kikubwa, keV 662. Gama ya bariamu-137m.
2. Ukingo unaoporomoka karibu na 477. Gama iliyoacha sehemu tu ya nishati yake kigunduzini. Si eksirei.
3. Kinundu karibu na 184. Gama zilizogonga meza au ukuta zikarudi nyuma. Si eksirei.
4. Kilele kidogo karibu na 75, ikiwa kuna risasi pembeni. Eksirei, lakini za risasi.
5. Kilele karibu na 32. Eksirei za bariamu. Ndizo ulizokokotoa.

Usiamini macho peke yake; thibitisha. Weka bamba la shaba la milimita 1 kati ya chanzo na kigunduzi. Kilele cha 32 kitatoweka, huku cha 662 kikipungua kwa asilimia chache tu. Kisha ondoa shaba na uondoe ngome ya risasi, afisa wa usalama akiruhusu: kilele cha 75 kitafifia na cha 32 kitabaki. Majaribio haya mawili yanatosha kumnyamazisha mbishi.

Kama 32 haikuonekana tangu mwanzo, usikimbilie kulaumu hesabu. Angalia chanzo kimefungwa ndani ya nini. Chuma cha pua cha milimita 1 hupitisha chini ya asilimia moja ya eksirei za bariamu. Angalia pia kizingiti cha chini cha elektroniki. Mara nyingi kimewekwa juu kukata kelele, kikakata na eksirei zako. Na usijaribu kabisa kuona keV 5.9 za chuma-55 kwa kigunduzi chenye kifuniko cha kawaida cha alumini. Hazipiti. Zinahitaji dirisha la beriliamu.

### Udongo wa Homa Bay, na vilele viwili vinavyodanganya

Sehemu hii ni kwa wale wanaopima sampuli za udongo na miamba. Mlima Homa na vilima vya Ruri, katika Kaunti ya Homa Bay, ni miamba ya kabonatiti (miamba ya volkeno yenye kabonati nyingi), na baadhi ya sehemu zake zina thoriamu nyingi kuliko udongo wa kawaida. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa eneo hili huchukua sampuli huko. Spektra zao zina mitego miwili.

Wa kwanza uko karibu na keV 75. Katika mnyororo wa thoriamu, yaani mfuatano wa viini vinavyozaana thoriamu inapooza, risasi-212 hutoa beta na kuwa bismuthi, na mgeuzo wa ndani huzaa eksirei za bismuthi za keV 74.8 na 77.1. Risasi-214, katika mnyororo wa urani, hufanya vivyo hivyo. Lakini ngome ya risasi iliyozunguka kigunduzi nayo huwaka kwa 72.8 na 75.0. Iodidi ya sodiamu huvikusanya vyote kuwa kinundu kimoja, na hapo huwezi kusema chochote kwa uaminifu. Ukiwa na kigunduzi cha jemaniamu, tafuta 77.1: hiyo ni bismuthi, imetoka kwenye sampuli. Tafuta 72.8: hiyo ni risasi, na nyingi yake ni ngome. Pima pia chombo kitupu kwa muda ule ule. Ngome nzuri huwa na tabaka la kadimiamu na la shaba upande wa ndani ili kumeza eksirei za risasi kabla hazijafika. Kadimiamu usiikate wala kuisugua, vumbi lake ni sumu.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa huharibu matokeo bila kuonekana. Watu hupima urani-238 kwa gama mbili za thoriamu-234 zilizo karibu na keV 92.6. Aktiniamu-228, ambayo ni ya mnyororo wa thoriamu-232, hutoa beta na kuwa thoriamu-228, na pengo la K la thoriamu hutoa eksirei ya keV 93.3. Katika udongo wenye thoriamu nyingi, eksirei hiyo hupanda juu ya gama za urani, na ripoti yako itaonyesha urani ambayo haipo. Ukiwa na sampuli ya Ruri, usitegemee 92.6 peke yake. Linganisha na gama ya 63.3 ya thoriamu-234 hiyo hiyo, ukikumbuka kurekebisha nishati inayomezwa na sampuli yenyewe, kisha angalia kama eksirei ya thoriamu ya keV 90.0 imejitokeza pembeni. Ikijitokeza, ujue na 93.3 ipo.

## Jipime

Fanya isotopu tatu hizi bila kutazama majibu.

Paladiamu-103. Hunasa elektroni. Mtoto ni rodiamu, 45. Moseley: 44 mara 44 ni 1,936, mara 10.2 ni keV 19.7. Iliyopimwa ni 20.2. Kama ulitumia 46, rudi hatua ya 3.

Fosforasi-32. Hutoa beta na kufika moja kwa moja kwenye salfa iliyotulia. Hakuna kunasa, hakuna kiini kilichosisimka, hakuna pengo. Jibu ni mionzi ya breki peke yake. Kama uliandika eksirei za salfa, rudi hatua ya 2.

Kadimiamu-109. Hunasa elektroni na kuwa fedha, 47, iliyosisimka kwa keV 88. Kifungo cha K cha fedha ni 25.5, kwa hiyo mgeuzo wa ndani unaruhusiwa, na hutokea mara nyingi kiasi kwamba gama ya 88 hutoka chini ya mara 4 kwa kila viini 100. Moseley inakupa keV 21.6, iliyopimwa ni 22.2. Mapengo ya K ni ya aina mbili, na eksirei za K zinafika karibu 100 kwa kila viini 100. Kama ulipata 65 hivi, umehesabu kunasa na kusahau mgeuzo.